Mlango wa Chumba cha Joto

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Paska alifagia uwanja, akachota maji kwenye pampu iliyokuwa nyuma ya soko la Koboko, kaskazini mwa Uganda, kisha akakaa jikoni na mama yake kukata mandazi. Mama yake, Margarita, aliwauzia chai na mandazi madereva na wachuuzi waliokuwa wakielekea mpakani. Baba yake, Pitia, alikuwa fundi cherehani, na alifanya kazi kwenye baraza la duka la nguo karibu na hapo. Jua lilipoanza kupanda, Paska alinawa miguu, akavaa sare, akaondoka mbio.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alisoma darasa la sita. Walimu walimsifu kwa hesabu na kumlaumu kwa hasira. Mtu akimpita kwenye foleni ya pampu, Paska alisogeza jerikani ya mtu huyo kando na kumwambia maneno makali, hata akiwa mtu mzima. Tena alikuwa na tabia moja mbaya. Akikasirika, alichokieleza hakikuwa kile alichokiona. Kofi moja lilikuwa makofi matatu. Mtu aliyemkanyaga kwa bahati mbaya alikuwa amempiga teke. Mama yake alimwonya mara nyingi. Yeye aliitikia, kisha akasahau.

Paska alizaliwa Sudan, wakati watu wengi wa Koboko walipokuwa wamekimbilia huko kwa sababu ya vita. Watoto wawili waliomfuata walifariki kambini wakiwa wachanga. Familia iliporudi nyumbani, miaka ikapita bila Margarita kushika mimba. Kwa hiyo mwaka 1992, tumbo lake lilipoanza kuonekana, hakuna aliyelizungumzia kwa sauti. Pitia alikuwa akibakiza vipande vya kitambaa laini na kushona nguo ndogo ndogo, akizificha chini ya cherehani kama mtu anayeogopa kuchekwa.

Mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, Margarita alishikwa na uchungu akiwa anakanda unga. Mimba ilikuwa bado haijatimiza miezi yake. Alijifungua mtoto wa kike katika zahanati, na mtoto huyo alikuwa mdogo kiasi kwamba Paska aliogopa kumtazama. Mikono yake ilikuwa myembamba, ngozi nyekundu, na sauti yake ilisikika kwa shida. Mkunga hakuficha neno. Alisema hapo hapakuwa na vifaa vya kumtunza mtoto wa namna hiyo, na kwamba wampeleke Arua mara moja.

Walipata nafasi katika gari la mfanyabiashara wa tumbaku. Nafasi ilikuwa ya watu wawili tu, kwa hiyo Pitia alibaki, akiahidi kuwafuata. Margarita alimweka mtoto kifuani, ndani ya gauni, ngozi kwa ngozi, na Paska akashika kitenge kuzuia vumbi njia nzima.

Hospitali waliyopelekwa ilikuwa ya misheni, nje kidogo ya mji wa Arua kwenye barabara ya kwenda Ajia. Iliitwa Mtakatifu Blasi. Muuguzi mkuu wa watoto wachanga, Sista Viktoria, aliwapokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho yaliyochoka. Alimtoa mtoto kifuani mwa mama yake kwa ustadi, akamfunga katika pamba na blanketi, akaingia naye katika chumba kilichoitwa chumba cha joto. Margarita alipotaka kumfuata, mlango ulikuwa umeshafungwa.

Baadaye waliambiwa sheria za chumba hicho. Mzazi haruhusiwi kuingia. Mama atamtazama mtoto wake kupitia dirishani asubuhi na jioni, basi. Maziwa atakamua katika kikombe chenye kifuniko na kukipeleka mlangoni. Margarita aliuliza kama angeweza kumshika mtoto hata kidogo tu. Sista Viktoria alimjibu kwamba mtoto alikuwa mikononi mwa wanaojua kazi, na kwamba yeye akapumzike.

Lakini Margarita hakupumzika. Alikaa katika banda la akina mama nyuma ya wodi, akila tonge moja moja na kuiacha sahani yake. Titi lake, ambalo mwanzoni lilijaa hata kuuma, lilianza kutoa maziwa kidogo kidogo. Paska alimkandia mgongo kwa maji ya moto, akampikia uji, akapeleka kikombe mlangoni na kukirudisha. Kila alipokirudisha, mama yake aliuliza swali lile lile: mtoto amekunywa? Na Paska hakujua, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Katika banda hilo alikuwamo pia mama kijana kutoka Ajia, aitwaye Filda. Mtoto wake wa kiume naye alikuwa ndani. Filda alikuwa Mlugbara na Margarita Mkakwa, kwa hiyo walizungumza kwa Kiswahili cha sokoni. Filda hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Mtoto yangu iko ndani, mimi iko nje," alisema siku moja akiisukuma sufuria yake kando. "Tumbo ilikuwa yangu. Sasa mimi naangalia yeye kwa dirisha kama mutu anaangalia nguo ya duka."

Margarita alitikisa kichwa tu. Lakini Paska aliyashika maneno hayo, na kila alipopita mbele ya mlango ule, hasira ilimpanda.

Kioo cha dirisha kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe sehemu ya chini, lakini kwenye kona moja rangi ilikuwa imebanduka. Siku moja kabla ya adhuhuri Paska alichungulia hapo. Aliona vitanda vidogo vilivyozungushiwa chupa za maji ya moto, na jiko la mafuta ya taa lenye sufuria kubwa ya maji. Sista Viktoria alikuwa ameinama juu ya mtoto mmoja, akimlisha kwa mrija mwembamba uliopita puani. Msaidizi wake hakuwepo. Kitanda cha pili kutoka mlangoni kilikuwa cha mdogo wake Paska, na mtoto alikuwa akilia. Hakusikia sauti yake vizuri, lakini aliuona mdomo ukifunguka na kufungika.

Kisha akakiona kikombe. Kilikuwa juu ya meza, chenye kifuniko cha kijani, kile alichokileta mwenyewe asubuhi na mapema. Sisimizi walikuwa wakipanda ubavuni mwake. Hakuna aliyekigusa.

Paska aligonga mlango. Aligonga tena kwa nguvu. Sista Viktoria alifungua kidogo, uso umemkunjamana.

"Sista, maziwa ya mama yangu yako mezani tangu asubuhi," Paska alisema. "Na mtoto analia."

"Nani kakuruhusu kuchungulia?"

"Mama alikamua akilia kwa maumivu, na nyinyi mmewaachia sisimizi."

"Wewe mtoto, utanifundisha kazi?" Sista alisema, akafunga mlango.

Paska alibaki amesimama pale. Alitaka kuupiga mlango teke. Alichokisema kilikuwa kweli tupu, na kweli hiyo ilifungiwa nje kama yeye. Hakumweleza mama yake, kwa kuwa aliogopa kumwongezea huzuni. Alikaa na jambo hilo peke yake, akilirudia moyoni, na kila alipolirudia lilikua.

Siku hiyo hiyo alasiri, mawingu yakiwa yamekusanyika, Pitia aliwasili kutoka Koboko, amebeba kifurushi cha zile nguo ndogo. Margarita alikuwa amekwenda kuoga. Pitia aliuliza habari za mtoto, na Paska akaanza kueleza. Alieleza kuhusu dirisha, sheria, mlango na kikombe. Filda na mume wake, aliyekuwa amekuja kumtembelea, walisogea kusikiliza. Paska aliona kwamba sasa watu wanamsikia, na hasira ikamsukuma mbele.

"Maziwa ya Mama wanayamwaga," alisema. "Na leo Sista amempiga mtoto kwa sababu alikuwa analia. Nimemwona kwa macho yangu."

Pitia hakuuliza la pili. Aliangusha kifurushi chini. Alikuwa mtu mpole, lakini alikuwa amezika watoto wawili katika nchi ya watu, na sasa aliambiwa wa tatu anapigwa nyuma ya mlango uliofungwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha joto, mume wa Filda nyuma yake, na Filda akiwafuata huku akipiga kelele kwa Kilugbara. Ndugu wa watoto wengine waliokuwa barazani walisimama, wakajiunga nao bila kujua vizuri kuna nini.

Pitia aligonga mara moja tu. Kisha aliusukuma mlango kwa bega, na komeo likang'oka.

Waliingia kwa pamoja, wakisukumana, na viatu vyenye matope. Chumba kilikuwa chembamba. Mtu mmoja alirudi nyuma kumpisha mwingine, akaligonga jiko. Sufuria kubwa iliinama. Sista Viktoria aliliona hilo kabla ya wote. Aliruka kati ya sufuria na kitanda kilichokuwa karibu, akakisukuma kitanda, na maji ya moto yakamwagikia mkono wake wa kushoto kuanzia kiwiko hadi vidole. Hakupiga kelele. Aliuma meno tu na kuzima jiko kwa mguu.

Mlango ulikuwa wazi, na upepo wa mvua ukaingia moja kwa moja. Watoto walilia wote. Pitia alikuwa amesimama mbele ya kitanda cha pili. Alimtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu siku aliyozaliwa. Alitafuta alama ya kipigo, hakuiona. Alimwona mtoto safi, kitambaa safi, na mrija mwembamba uliobandikwa shavuni kwa uangalifu. Mikono yake ilishuka.

"Tokeni," Sista Viktoria alisema kwa sauti ya chini. "Wanaume wote tokeni, mfunge mlango huo kwa chochote."

Walitoka. Pitia alitafuta ubao na kuusimamisha mlangoni, akauzuia kwa mgongo wake mwenyewe. Ndani, Sista alitumbukiza mkono wake katika ndoo ya maji baridi huku akipima kwa macho hali ya chumba. Jiko lilikuwa limezimika na kujaa maji, na mafuta yamemwagika. Chupa zilikuwa zikipoa. Aligeuka kumtazama Filda, ambaye alikuwa bado amesimama ukutani, na Margarita, aliyekuwa amekuja mbio kutoka bafuni na nywele mbichi, pamoja na akina mama wengine wa bandani waliokusanyika mlangoni.

Aliwaambia wanawe mikono hadi kwenye viwiko kwa sabuni, wavue gauni za juu, wakae chini kwenye mikeka. Kisha alimchukua mtoto wa Margarita, akamvua yote isipokuwa nepi na kofia, akamlaza kifuani mwa mama yake na kumfunika blanketi. Alifanya hivyo kwa mama mmoja baada ya mwingine, kwa mkono mmoja. Aliwaonyesha jinsi ya kuweka kichwa cha mtoto upande ili pumzi isizibwe.

Mtoto wa Filda alikuwa wa mwisho, na alipofikiwa midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, kama wino. Alikuwa haoneshi kupumua. Filda alipoona hivyo alinyamaza kabisa. Sista alimsugua mtoto mgongoni, akamgonga nyayo kwa kidole, akasafisha pua yake, akamwelekezea mpira wa oksijeni. Paska, aliyekuwa ameingia nyuma ya baba yake na sasa amejikunja kwenye kona, aliona yote. Alitaka kufumba macho, akashindwa. Mwishowe mtoto alishtuka, akakohoa kidogo, akalia. Sista Viktoria alimweka kifuani mwa Filda, na hapo ndipo alipoketi chini na kuutazama mkono wake uliokuwa ukivimba malengelenge.

Daktari wa hospitali, Dokta Candia, alikuwa katika chumba cha upasuaji wakati wote huo. Alipotoka na kuelezwa, alikasirika kiasi kwamba sauti yake ilisikika mpaka getini. Barazani, mbele ya chumba cha joto, aliamuru walinzi wamshike Pitia na kusema kwamba polisi wataitwa. Pitia hakubisha. Alisema tu kwamba yeye ndiye aliyevunja mlango, na kwamba alivunja kwa sababu mtoto wake alipigwa.

"Nani amempiga?" Dokta aliuliza.

"Binti yangu ameona."

Macho yote yalimgeukia Paska. Mkono wa Sista Viktoria ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe, na uso wake umepauka. Paska alijua kwamba akisema neno moja zaidi la uongo, yule mwanamke atafukuzwa kazi, na baba yake labda ataachiliwa. Alijua pia alichokiona pale sakafuni, midomo ya yule mtoto.

"Sikuona akipigwa," alisema. "Wala sikuona wakimwaga maziwa. Niliona kikombe chetu mezani tangu asubuhi, kina sisimizi, na mtoto akilia. Nikagonga, Sista akanifungia mlango. Hayo mengine niliyaongeza."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na hasira. Nilitaka mtu aende akafungue."

Filda, ambaye alikuwa amesimama kwenye mlango na mtoto wake kifuani, alimtazama Paska kwa macho makavu. "Mtoto yangu karibu kufa," alisema polepole. "Karibu kufa kwa sababu ya uongo yako. Na mimi nilikufuata kama mujinga." Akageuka na kurudi ndani, na kwa siku nyingi hakumwita tena kwa jina.

Dokta Candia alisema basi, jambo limekwisha kujulikana: ni uongo wa mtoto, na familia hiyo ichukue vitu vyake. Hapo Margarita, aliyekuwa mkekani karibu na mlango, alisimama. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, na tangu afike hospitalini hakuwa amebishana na mtu. Alimshikilia mtoto ndani ya blanketi kwa mikono miwili.

"Dokta, binti yangu amesema uongo, na mimi mwenyewe nitamshughulikia," alisema. "Lakini kikombe si uongo. Muulize Sista kama kikombe ni uongo."

Dokta alimtazama Sista Viktoria.

"Niliwazika wawili," Margarita aliendelea, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa hasira, si kwa kilio. "Hata hao walikufa mikononi mwangu, nikiwajua. Huyu mmenifanya mgeni wake. Sijui kama anakunywa. Sijui kama amelala. Nakamua maziwa napeleka mlangoni, na mlango haunijibu. Maziwa yangu yanakauka na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Kama ni kunifukuza, nifukuzeni, lakini msiseme jambo limekwisha."

Kisha Sista Viktoria alisema, na yeye pia alikuwa na hasira. Alisema mwaka uliopita chumba kile kilikuwa wazi. Shangazi, bibi na majirani waliingia walivyotaka, wengine wakitoka shambani, wengine wakikohoa. Ugonjwa wa kuhara ukaingia nao. Watoto waliokufa aliwafunga sanda yeye mwenyewe, kwa mikono yake, na hakuna ndugu hata mmoja aliyekubali kwamba ni yeye aliyeleta ugonjwa. Siku hiyo aliapa kuufunga mlango. Tangu hapo yuko yeye na msaidizi mmoja, na msaidizi huyo alikuwa mgonjwa. Kumlisha mtoto mmoja kwa mrija kunachukua muda mrefu, na akimaliza wa mwisho, wa kwanza ameshalia njaa tena.

"Kikombe ni kweli," alisema mwishowe, akimtazama Margarita na si daktari. "Nilikiona. Sikukifikia. Na mtoto huyu aliponiambia, nilikasirika kwa sababu alikuwa anasema kweli."

Dokta Candia alivua kofia yake ya upasuaji, akaikunja mikononi. Hasira yake ilikuwa haijaisha, lakini ilikuwa haina tena mahali pa kukaa. Aliuliza kama watoto walikuwa wameshapimwa joto baada ya vurugu ile. Sista alisema amewapima wote. Waliokuwa vifuani mwa mama zao walikuwa na joto zuri, hata kuliko la asubuhi wakiwa na chupa. Dokta alisema kwamba katika semina moja huko Kampala alisikia kuwa nchi nyingine wanafanya hivyo kwa makusudi, mama anakuwa ndiye kitanda cha mtoto, na yeye alidhani ni mambo ya watu waliokosa vifaa. Sista alimjibu kwa ukali kwamba na wao wamekosa vifaa, basi walikuwa wanangoja nini.

Jioni hiyo waliketi, Dokta, Sista na akina mama, wakakubaliana sheria mpya. Mama ataingia, na akiingia atabaki na mtoto kifuani kadiri anavyoweza. Baba ataingia kwa zamu. Wengine wote watangoja nje. Anayekohoa au kuharisha hataingia hata akilia. Kila anayepita mlangoni atanawa mikono kwa sabuni na kuvaa gauni safi. Mama atafundishwa kumlisha mtoto wake mwenyewe kwa mrija au kwa kikombe kidogo, na ataelezwa kila siku hali ya mtoto, iwe nzuri au mbaya.

Polisi hawakuitwa. Pitia alitengeneza mlango na komeo, kisha akaomba mashine ya kushonea iliyokuwa stoo, akakaa barazani na kushona magauni ya wazazi kutokana na mashuka ya zamani. Alimwomba Sista msamaha mbele ya watu. Sista alisema ameusikia, lakini mkono bado unauma.

Paska alipewa kazi ya beseni. Alitakiwa achote maji, aweke sabuni, na asimame mlangoni kuhakikisha kila mtu amenawa. Mama yake aliposikia hivyo alisema ni adhabu ndogo mno. Kwa siku kadhaa Margarita alizungumza naye kwa maneno machache, ya kazi tu, na hilo lilimuuma Paska kuliko fimbo.

Siku moja alikuja mjomba wa mtoto mmoja, mtu mkubwa mwenye koti, na kutaka kupita bila kunawa. Alimwambia Paska aondoke njiani, kwamba hawezi kuamrishwa na mtoto wa Koboko. Damu ilimchemka Paska. Angeweza kusema kwamba mtu huyo amemsukuma. Angeweza kusema kwamba ametukaniwa mama yake. Maneno yalimfika mdomoni. Akayameza, akamwita Sista.

"Anataka kuingia," alisema. "Hakunawa mikono. Na ni mjomba, si baba."

Basi. Sista alimtazama mtu yule, na mtu yule akarudi barazani. Filda, aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe mkekani, alisikia. Hakumsifu. Lakini jioni alimwita kwa jina, akamwomba amshikie blanketi.

Watoto wote waliokuwamo siku ile walipona. Mtoto wa Margarita alijifunza kunyonya, kwanza kwa kuchoka haraka, kisha kwa nguvu mpaka mama yake akalalamika. Maziwa yalirudi. Mashavu yakajaa. Siku ya kuruhusiwa ilipofika, Pitia alikuwa amewaza jambo. Alimwambia Sista Viktoria kwamba wangependa mtoto achukue jina lake, kama shukrani na kama radhi.

"Hapana," Sista alisema. "Jina langu nalitumia mwenyewe. Mpeni jina la kwenu."

Pitia alicheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Wakati yeye na Margarita walipokwenda kuaga akina mama wengine, Sista alimwita Paska kando, karibu na beseni. Kovu jipya lilionekana mkononi mwake, jekundu na laini.

Paska aliuliza kama bado ana hasira naye.

"Ninayo," Sista alisema. "Na hasira yako wewe sikukatazi. Mtoto aliachwa na njaa. Ni haki kukasirika. Lakini sikiliza. Siku ile ulikuwa na jambo la kweli, na lilikuwa linatosha. Ungekwenda nalo kwa Dokta lilivyo, ningekosa la kujibu, na mlango ungefunguliwa bila mtu kuungua. Ulipoliongezea uongo, baba yako aliubeba ule uongo, na Dokta aliposikia ni uongo akataka kulitupa jambo zima, na kikombe pia. Kama mama yako hangesimama, kweli yako ingekufa kwa mkono wako mwenyewe. Ukiona ubaya, sema ulichokiona, kama ulivyokiona. Mwambie anayehusika. Akikufungia mlango, nenda kwa mkubwa wake. Usiongeze hata neno moja."

"Nami nilikosa," aliendelea. "Nilidhani kumlinda mtoto ni kumtenga na watu wake. Usafi ndio unaomlinda, na mama yake ndiye anayemlea. Vyote viwili vinaweza kukaa chumba kimoja. Nimelijifunza hilo nikiwa mtu mzima, kwa maumivu. Wewe jifunze lako ukiwa bado mdogo."

Gari lilipiga honi barabarani. Margarita alitoka, mtoto akiwa kifuani ndani ya gauni, kichwa kidogo kimekaa chini ya kidevu chake. Alimtazama Paska kwa muda, kisha akamwambia asogee upande wa kushoto, upande ambao mtoto alikuwa ameelekeza uso.

"Njoo," alisema. "Akikutazama, mwambie wewe ni nani."